Ngozi za Bendi ya Viti

Ukipewa ngozi mbichi ya mbuzi, kijana wangu, usiianike juani. Najua utaianika tu, kwa sababu hata mimi niliambiwa na bado nikaianika. Jua la Nakuru likiipiga ngozi siku moja linaifanya ngumu kama bati. Ukiigonga inalia kidebe, na siku ya tatu inapasuka katikati. Ngozi ya ngoma hukaushwa kivulini, polepole, ikiwa imekwisha kuwambwa, na mwenyewe ukiwa karibu ukiichunga kama maziwa yaliyo motoni.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa hiyo, kuwamba ngoma. Nyinyi mkija kwangu mnataka niwahadithie habari za msitu na bunduki, na nikianza habari za ngozi mnaangaliana. Safari hii nawaandikia, basi vumilieni kidogo. Hofu niliyoijua mimi katika miaka ile ya Emajensi, serikali ya wazungu ilipotangaza hali ya hatari, ilipitia kwenye ngozi, na sina njia nyingine ya kuieleza.

Nianze na bendi yenyewe. Palikuwa na ukumbi mmoja wa bati pale mjini ambapo wazungu wa Njoro, Solai na Subukia walikutana kila Jumamosi kupiga muziki. Hawakuwa askari. Walikuwa walimu, daktari wa mifugo, karani wa benki, wake za wakulima wa ngano, jumla yao kama arobaini. Sisi tuliofagia tuliiita bendi ya viti, maana bendi tuliyoizoea ni ile inayotembea barabarani kwa gwaride, na hawa walikaa kitako wote isipokuwa mmoja aliyesimama mbele na kijiti. Huyo tulimwita Bwana Kijiti. Kulikuwa na fidla za begani, fidla kubwa za kubana kati ya magoti, filimbi, tarumbeta, na nyuma kabisa ngoma mbili za shaba, kila moja kubwa kama sufuria la pilau ya harusi. Mpigaji wa ngoma hizo alikuwa mama mmoja mrefu, mjane wa mkulima wa Njoro. Tulimwita Mama Masufuria. Alikuja kujua, na hakukasirika.

Mimi nilikuwa nimetoka Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao, nikapata kazi ya kutunza ukumbi ule. Nilipanga viti, niliosha sakafu, nilibeba vyombo. Habari za ngoma sikuzijua hata kidogo. Lakini ngozi zilizokuja na meli kutoka kwao hazikuyaweza mazingira yetu. Asubuhi baridi, mchana jua kali, na jioni upepo unaleta lile vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani linaloingia mpaka kwenye meno. Ngozi moja ikapasuka, kisha ya pili, na nyingine ilikuwa ya kungojewa miezi. Mama Masufuria akaniita.

"Wewe najua mtu ya kutengeneza ngoma hapa Nakuru?"

"Ndiyo, memsaabu. Najua."

Nilikuwa simjui hata mmoja. Lakini siku zile Mkikuyu akiulizwa swali na mzungu halafu ajibu "sijui," alikuwa anajitafutia safari. Watu wetu walikuwa wanapakiwa kwenye malori na mabehewa kila wiki, wanarudishwa rizavu, kule walikoambiwa ndiko kwao. Mimi nilizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Njoro. Mke wangu Wanjiru alizaliwa shamba la jirani. Hiyo "kwetu" hatukuwahi kuiona hata kwa mbali, na tulikuwa na mtoto wa miezi minne. Aliyebaki mjini alibaki kwa sababu ya karatasi, barua ya mwajiri inayosema mtu huyu anahitajika. Barua yangu ilisema natunza ukumbi. Nikajua, na Wanjiru akajua, kwamba wafagiaji ni wengi Nakuru. Nikawaza kwamba nikiwa mwamba ngoma, tena wa pekee mji mzima, hawatanipakia.

Ndipo nikaenda mtaa wa Bondeni kwa Mzee Salim.

Mzee Salim babake alifika Nakuru na reli kutoka Pwani, na yeye mwenyewe aliwamba matari ya maulidi kwa kila nyumba ya Waislamu pale mjini. Nilimkuta amekaa barazani akikwangua kipande cha ngozi kwa kisu butu. Nikamweleza shida yangu yote mpaka habari ya mtoto. Hakuniuliza dini wala kabila.

"Mwanangu, ngozi yataka subira," akaniambia. "Wewe waonekana una haraka."

"Nina hofu, mzee. Si haraka."

"Basi hofu pia uiweke kando, maana mkono wa mwenye hofu hukata ngozi."

Akanifundisha. Beberu mkubwa asiye na jeraha mgongoni. Ngozi unaipaka majivu na chokaa yenye maji, unaikunja, unaizika kwenye shimo lenye unyevu siku tatu. Ukiifukua manyoya yanatoka kwa mkono, kama unavyonyonyoa kuku. Unakwangua nyama upande wa ndani mpaka uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kisha unailoweka, unaizungusha kwenye pete ya mbao, unaichomeka ukingoni kwa mpini wa kijiko. Ndiyo, kijiko cha kulia. Nilipokuja kuona chombo alichotumia Mama Masufuria, kilichotoka Ulaya na sanduku lake, kilikuwa mpini wa kijiko vilevile, ila kimeng'arishwa.

"Na ngozi haivutwi na mtu mmoja," Mzee Salim alisema. "Ukivuta peke yako yaja yote upande wako, kule kwingine pabaki pamelegea. Si wasikia watu wasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake? Basi mweke mwenzio upande wa pili, naye avutie kwake. Hapo ndipo ngoma hulia sawasawa."

Mwenzangu alikuwa Mwangi. Tulifagia ukumbi pamoja. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiofungwa, na chokaa ilimpigisha chafya hata ikiwa bado kwenye gunia. Mamake alikuwa amepakiwa kwenye lori mwezi mmoja nyuma kutoka shamba la Solai, na Mwangi hakupata habari yoyote tangu siku hiyo. Hakulizungumzia sana. Alishika upande wa pili wa ngozi, akavutia kwake, mimi nikavutia kwangu, tukiangaliana juu ya shaba kama watu wanaogombea blanketi.

Ngozi yetu ya kwanza ndiyo niliyoianika juani. Nilitaka iwahi Jumamosi. Mzee Salim alinionya, Mwangi alinionya, na mimi nikaona wazee na wafupi wanajua nini. Jumamosi ikafika, bendi ikakaa, na nyinyi lazima mwelewe jinsi walivyokaa. Wazungu siku zile hawakwenda hata chooni bila bastola. Wanaume walizifunga kiunoni, wanawake wengine waliziweka sakafuni chini ya kiti, pembeni ya mikoba. Mimi nilipofagia nilifagia nikizizunguka kwa mbali, maana Mkikuyu akikutwa na bastola mkononi, hata kama ameiokota tu, alikuwa ananyongwa.

Muziki ulifika mahali pa nguvu. Mama Masufuria akainua vijiti, akapiga. Ngozi ikapasuka PA! Ndani ya ukumbi wa bati, vijana wangu, mlio ule haukuwa na tofauti yoyote na risasi.

Fidla zilidondoka. Nilisikia viti vinaanguka, mwanamke akapiga kelele, na nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama ukutani na ufagio wangu, na bastola kumi au kumi na mbili zimenielekea mimi. Karani wa benki alikuwa ameweka kidole kwenye kifyatulio. Nilitaka kusema ni ngozi, lakini nilichofanya ni kuukumbatia ufagio. Nikahisi suruali inalowa.

Ndipo Mwangi akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa nje, salama, angeweza kukimbia mpaka Bondeni. Akaingia mikono juu, akaja akasimama mbele yangu, kati yangu na bastola zile, akaanza kupaza sauti: "Ni ngozi! Bwana, ni ngozi tu! Angalia ngoma! Imepasuka ngozi!" Akasema hivyo mara nyingi, na kila mara sauti inapanda kama ya mtoto. Mwisho Mama Masufuria akainama, akatia mkono kwenye shimo la ngoma, akautoa akautikisa wote wauone. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Walicheka sana, cheko la watu walioogopa. Sisi hatukucheka mpaka tulipofika nyuma kwenye mabomba, na hapo Mwangi akaniangalia suruali.

"Wewe umelowa na mvua haijanyesha," akasema.

Baada ya hapo sikuwahi tena kuianika ngozi juani. Nilimsikiliza Mzee Salim kwa kila kitu, isipokuwa kimoja, nitakifikia.

Sasa mniulize kuhusu muziki wenyewe, maana mnadhani tuliuona kelele. Mwanzoni ni kweli. Nilikuwa nasikia watu arobaini kila mmoja na lake. Lakini mwamba ngoma lazima asikilize, ajue ngozi inapanda au inashuka. Jua likipiga bati, ngozi inakauka na sauti inapanda. Mvua ikija, inalegea inashuka. Kwa hiyo nilikuwa nakaa nyuma ya pazia na kitambaa chenye maji, natega sikio. Ukitega sikio kwa kitu miezi sita, kitakuingia hata kama hukukialika.

Kulikuwa na wimbo mmoja waliokuwa wakiufanyia mazoezi kwa ajili ya onyesho kubwa. Ulianza na zile fidla za magotini peke yake, chini sana, kama wazee wanaoongea kilioni kabla watu hawajajaa. Fidla ndogo zikawajibu. Halafu kila kitu kikanyamaza, na ngoma ndogo kati ya zile mbili za shaba, ile ya ngozi yetu, ikaingia taratibu mno, mtetemo unaousikia kwanza tumboni kabla ya masikioni. Na juu ya mtetemo ule filimbi moja. Siku ya kwanza nilipousikia mpaka mwisho nilijikuta nimeshika pazia. Niliona aibu. Watu hawa ndio niliowaogopa kuliko kitu chochote duniani, na wimbo wao ulikuwa umenifungua kifua.

Nikageuka, nikamwona Mwangi amekaa juu ya ndoo anafuta uso kwa tambara la sakafu.

"Hawa wanalia nini?" akaniuliza. "Mashamba si wanayo?"

Baadaye akasema filimbi ile ilikuwa sauti ya mamake akiita kuku. Kila Jumamosi mahali pale pakifika aliacha kazi, akaja akakaa kwenye ndoo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mzee Salim alikuwa ameniambia nizike ngozi kwake, uani, kila mara. "Shimo liwe hapa kwangu," alisema, "usizike kwingine." Hakunieleza kwa nini, na sikumwuliza. Lakini mwezi wa Ramadhani ukaingia, na ngozi iliyolala kwenye chokaa siku tatu inanuka vibaya. Watu wamefunga, wanakuja kwake kufuturu, na harufu yangu iko pale. Hakuna aliyelalamika. Mimi ndiye niliyeona haya. Nikachimba shimo nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, nikazika ngozi mbili pale mchana peupe.

Nyinyi mmesoma shuleni habari za kiapo cha watu wa msituni. Basi mnajua kwamba kiapo kilikuwa cha mbuzi, na aliyelishwa alivishwa kikuku cha ngozi mkononi. Kila askari alijua hivyo. Mbuzi aliyezikwa nyuma ya nyumba, na kipande chembamba cha ngozi mfukoni mwa Mkikuyu, vilitosha. Mtaniuliza kama mimi nilikuwa nimekula. Nimeulizwa swali hilo na watu waliokuwa na viboko, na sikulijibu. Siwezi kuanza kulijibu leo.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, kwa sababu hakuna mzungu aliyetaka kuwa barabarani giza likiingia. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi mimi na Mwangi tulifunga kwenye ngoma ndogo ngozi mpya, tuliyoiwamba kwenye pete siku nne nyuma ikakauka kivulini. Ilikuwa ngozi nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Tulikata ukingo uliozidi, na vile vipande vyembamba tukavigawana tukavitia mfukoni, kwa sababu Mwangi alivitumia kufungia mafagio na mimi nilivitumia kufunga kila kitu.

Saa saba lori likaingia uani. Askari walishuka mbio. Mtu alikuwa ameona shimo, au amesikia harufu, sijui hata leo. Walikuwa na jembe. Nilisimama mlangoni nikawaona wanalifukua, ile ngozi ya pili ikatoka na chokaa yake na manyoya yake, na askari aliyeitoa akaiachia ghafla kama ameshika nyoka. Nilichowaza ni kwamba Wanjiru ameanika nepi nje na mvua itarudi.

Tulipangwa mstari, Wakikuyu wote waliokuwa pale, sisi wafagiaji, wapishi wa chai, na madereva walioleta mabwana zao. Mkuu wao alikuwa Inspekta mmoja kijana, mashavu mekundu. Kwenye Landrova alikaa mtu amevaa gunia mpaka kiunoni, matundu mawili ya macho. Mliosikia habari za watu wa gunia mnadhani ni hadithi ya kutishia watoto. Ukisimama mbele yake huoni macho, unaona giza tu kwenye matundu, na unajua ni mtu anayekufahamu, labda mlikula naye. Akitikisa kichwa kukubali, umekwisha.

Mimi gunia liliniangalia muda mrefu. Halikutikisika. Nikapumua. Kisha akaja Mwangi, na gunia likainama mara moja.

"Pandisha!"

"Bwana, mimi nafanya kazi ya—"

"Panda lori! Nyamaza!"

Halafu wakatupekua. Kwangu wakatoa vipande vitatu vya ngozi. Kwa Mwangi viwili. Sajini akaviinua juu, akavipima kwenye kifundo cha mkono wangu, vikatosha kabisa.

"Hii nini?"

"Ni ya ngoma, afande. Ngoma ya memsaabu."

"Ngoma gani? Ngoma ya msitu?"

Kofi lile nalisikia bado upande huu wa kushoto. Nikatupwa kwenye lori, nikaanguka karibu na Mwangi. Tulikuwa sita. Tuliambiwa tuchuchumae, mikono kichwani.

Mngemshangaa huyo Inspekta. Hakutaka kuwasumbua wazungu wenzake kabla ya muziki wao. Magari yalikuwa yanaingia, wanawake na kofia zao wanapita kando ya lori letu bila kutazama, na yeye anawapigia saluti. Aliamua kungoja mpaka onyesho liishe ndipo amwulize Bwana Kijiti habari za shimo. Kwa hiyo tukabaki palepale, chini ya ukuta wa ukumbi, na madirisha yako wazi juu yetu.

Muziki ukaanza. Jua lilikuwa limetoka kali baada ya ile mvua. Nilichuchumaa nikisikia bati linalia tik, tik, linavyopata moto, na nikajua ngozi yangu huko ndani inakauka na hakuna mtu nyuma ya pazia mwenye kitambaa. Ngozi mpya. Ikipasuka, watatoa bastola tena, na safari hii kuna askari nje wenye bunduki na lori lenye Wakikuyu sita. Na hata kama hakuna atakayefyatua, mwamba ngoma aliyewaharibia siku yao nani atamtetea? Nilisali kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na maneno niliyoyasikia kwa Mzee Salim pia nikayasema.

Kisha ukafika ule wimbo. Fidla za magotini. Mwangi, aliyekuwa anatetemeka muda wote, akatulia. Askari aliyetulinda, Mluhya mmoja mzee wa masharubu, alikuwa anatafuna kitu, akaacha kutafuna. Fidla ndogo zikajibu, zikanyamaza. Nikafumba macho nikangoja ngoma, na mgongo wangu wote ukiwa jasho.

Ikaingia. Ilikuwa imepanda juu kidogo, niliisikia, nusu ya nusu. Halafu nikasikia inashushwa polepole, ikakaa pake. Yule mama alikuwa amelegeza skrubu za ukingoni zinazokaza ngozi, huku anapiga, kwa mkono mmoja. Mtetemo ukapita ukutani ukafika kwenye mbao za lori, nikausikia magotini. Juu yake ikaja filimbi. Mwangi alilia waziwazi, mikono kichwani, na mimi nililia, na dereva mmoja ambaye hakuwahi kuingia ukumbini alilia. Yule askari mzee akatugeuzia mgongo, akatazama mlima wa Menengai mpaka wimbo ukaisha.

Watu walipiga makofi muda mrefu. Mlango ukafunguka, na Mama Masufuria akatoka vijiti mkononi. Alikuwa ananitafuta. Inspekta akamwonyesha vipande vya ngozi, akamwongelesha Kiingereza cha haraka. Yule mama akavichukua, akaingia ndani navyo kuvilinganisha na ngozi ya ngoma, akatoka, akasema neno fupi. Inspekta naye akaingia akatazama. Aliporudi mashavu yalikuwa mekundu zaidi.

"Wewe! Shuka."

Nikashuka. Magoti hayakunyooka.

"Memsaabu anasema wewe natengeneza ngoma yake. Shimo ni ya kazi. Kweli?"

"Kweli, Bwana."

"Nafanya hii kazi na nani?"

Mama Masufuria alikuwa ananiangalia. Hakumjua Mwangi kwa jina; alimtazama siku ile ya bastola tu, na kwake labda nyuso zetu zilifanana. Lakini kazi aliijua. Alijua ngozi mbichi inahitaji mikono minne. Alikuwa anangoja nitaje jina, naye angesema ndiyo, na Mwangi angeshuka. Nilijua hivyo pale pale, msidhani nimekuja kulijua baadaye.

Lakini gunia lilikuwa limeinama kwa Mwangi. Mimi halikuniinamia. Nikaona nikimtaja nitafungwa naye kamba moja, kwamba wataanza kuuliza upya, kwamba Inspekta atabadili nia. Nikawaona Wanjiru na mtoto kwenye behewa.

"Peke yangu, Bwana," nikasema.

Yule mama akanitazama kidogo zaidi. Kisha akatazama vijiti vyake.

Lori likawashwa. Sikugeuka. Nilipewa ile ngozi ya shimoni nikaitupe, nikasimama nayo imening'inia mkononi, chokaa inanidondokea viatuni, mpaka mlio wa lori ukaisha upande wa stesheni.

Mwangi alikaa kambini miaka minne. Aliporudi mguu mmoja ulikuwa haukunji. Mamake alikuwa amekufa rizavu. Alikuja ukumbini moja kwa moja, akanikumbatia, na mbele ya wapishi wote akasema, "Huyu ndiye aliyeshuka akanitetea. Niliona anaongea na Inspekta, akaongea, akaongea. Wakamkatalia." Kutoka kwenye lori alituona lakini hakutusikia, injini ya Landrova ilikuwa inanguruma. Nilifungua mdomo. Alikuwa ameshaanza kunieleza jinsi jambo lile lilivyompa nguvu kule kambini.

Tuliwamba ngoma pamoja miaka kumi na saba zaidi. Kwanza za bendi ile mpaka wenyewe walipouza mashamba, kisha za shule na za makanisa. Kila mtu aliyekuja kutuletea kazi alihadithiwa na Mwangi jinsi nilivyosimama mbele ya mzungu. Nilimwacha ahadithie. Siku nyingine nilimsahihisha mahali padogo, kama alisahau vile vipande vilikuwa vitatu.

Nimefundisha vijana wengi kazi hii, na wote nimewaambia habari za jua, na chokaa, na kijiko. Hii nyingine sikumwambia mtu, hata Wanjiru, aliyekufa akiamini ana mume jasiri. Mwangi tulimzika mwaka jana Njoro. Watoto wake waliniomba niseme maneno machache, mimi niliyebaki kati ya rafiki zake. Nikasimama na fimbo yangu kando ya kaburi, nikawasimulia siku ile ya lori, kama alivyopenda kuisimulia yeye. Mwanawe wa kwanza alinishika mkono akanishukuru, akalia.

Ndiyo maana nimeandika. Nataka familia ya Mwangi isome. Nyumba yangu wanaijua, na mimi siku hizi siendi popote.